Simuleta mbili za Enigma, majibu mawili: ipi ya kuaminiwa?

"Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya upili mjini Mombasa. Wanafunzi wa chama cha kompyuta wamependa sana programu zinazoiga Enigma, mashine ambayo Wajerumani waliitumia kuficha ujumbe wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tulipakua mbili tofauti. Katika zote tuliweka rota, yaani magurudumu yenye nyaya yanayobadilisha herufi, I, II na III kutoka kushoto kwenda kulia, kiakisi (sehemu inayourudisha umeme kwenye rota) cha B, pete za rota, zinazohamisha herufi zake, zote kwenye A, ubao wa plagi, unaobadilishana herufi kwa jozi, mtupu, na mahali pa kuanzia tukaweka ADA, kwa heshima ya Ada Lovelace, mwanahisabati wa karne ya 19. Herufi 22 za kwanza zililingana. Kuanzia ya 23 kila programu ikashika njia yake. Ipi ni mbovu? Je, programu hizi ni sawa na mashine yenyewe, au ni mchezo tu? Mwenzangu anasema Enigma ilifumbuliwa hapa hapa Kilindini kwa kompyuta iliyoitwa Colossus, na anapendekeza tuitumie Enigma kuficha alama za mitihani kabla ya kuzituma kwa barua pepe. Nishike lipi?"

Mwalimu, umenirahisishia kazi kwa kuhesabu. Ungeniambia tu kwamba majibu hayalingani, ningebaki kukisia. Lakini uliposema kwamba herufi 22 zilikubaliana na ya 23 ikakataa, ulikuwa umekwisha kuutaja ugonjwa wenyewe, na ninaweza kukueleza ulipo bila hata kuziona programu zenu.

Kwanza shika kanuni hii. Simuleta mbili, yaani programu mbili zinazoiga mashine, zikitofautiana tangu herufi ya kwanza, kosa mara nyingi liko katika matayarisho: pengine moja inapanga rota kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, au moja imeachwa kwenye kiakisi C, au moja inaandika pete kwa namba, ambapo 01 ni sawa na A, na mtu akaweka 02. Pengine moja inaiga M4, mashine ya nyambizi yenye rota nne, ambayo hulingana na ile ya rota tatu ikiwa tu ya nne ni ile iitwayo Beta, imesimama kwenye A, na kiakisi ni kile kiitwacho B nyembamba. Lakini zikianza pamoja kisha zikaachana njiani, matayarisho hayana lawama. Hapo kosa liko katika jinsi mojawapo inavyozungusha rota zake, na ndilo lililowapata.

Ndani ya Enigma hamna hesabu yoyote inayofanyika; mna umeme unaopita kwenye nyaya. Chukua mfano mwepesi, wa rota hizo hizo zikiwa zimesimama kwenye AAA. Mwanafunzi anapobonyeza A, jambo la kwanza si umeme bali ni mwendo: rota ya kulia inasogea hatua moja, dirisha linaloonyesha herufi ya kila rota linasoma AAB, na hapo ndipo umeme unapoanza safari. Unaingia rota ya kulia kama A na kutoka kama C. Rota ya katikati inaipokea C na kuitoa kama D, na ya kushoto inaigeuza D kuwa F. Kiakisi kinaipokea F na kuirudisha kama S. Safari ya kurudi inaanza: rota ya kushoto inaiacha S ibaki S, ya katikati inaigeuza kuwa E, ya kulia inaigeuza E kuwa B, na taa ya B inawaka. Wape wanafunzi jedwali za nyaya za rota hizo tatu waifuate njia hii kwa penseli mara moja tu, na hawataiona tena mashine hii kama kitu cha ajabu.

Katika safari hiyo tazama ilivyokuwa S kwenye rota ya kushoto. Iliingia S ikatoka S. Nimesoma mara nyingi maelezo yasemayo kwamba kila rota hubadilisha kila herufi, na si kweli: rota I huiacha S, na rota II huiacha A. Kinachokatazwa ni herufi kujigeukia yenyewe mwishoni mwa safari nzima, na anayekataza ni kiakisi. Kiakisi kimeziunganisha herufi 26 kwa jozi 13, hivyo umeme hauwezi kurudi kwa njia ile ile ulioijia. Kwa sababu ya jozi hizo hizo, mashine iliyosimba ujumbe ndiyo inayousimbua kwa matayarisho yale yale, bila kitufe cha kubadili kazi. Urahisi huo Wajerumani waliupenda sana, na uliwagharimu, kama nitakavyoeleza.

Sasa turudi kwenye ADA yenu. Rota ya kulia husogea kila kitufe kinapobonyezwa. Kila rota ina pengo kwenye pete yake: rota III pengo lake hufanya kazi dirisha likionyesha V, na rota II likionyesha E. Nyuma ya rota pamepangwa vyuma vitatu vinavyosukuma kama vidole. Kidole cha kwanza husukuma rota ya kulia daima. Cha pili hukaa kati ya rota ya kulia na ya katikati, na hushuka pale tu pengo la rota ya kulia linapofika mbele yake. Cha tatu hukaa kati ya rota ya katikati na ya kushoto, na hungojea pengo la rota ya katikati. Jambo ambalo watunzi wengi wa programu hulisahau ni kwamba kidole kilichotumbukia katika pengo husukuma pande zote mbili: meno ya rota iliyo kushoto kwake, na lile pengo lenyewe, pamoja na rota yake. Kwa rota ya kulia hilo halionekani, kwa kuwa ilikuwa isogee hata hivyo. Kwa rota ya katikati linaonekana wazi: inapofika kwenye pengo lake, haisukumi ya kushoto tu bali husogea nayo.

Mkianza na ADA, herufi ya 21 inasimbwa dirisha likisoma ADV. Katika herufi ya 22, pengo la rota III linakamatwa, rota ya katikati inatoka D kwenda E, na dirisha linasoma AEW. Hapo rota ya katikati imesimama kwenye pengo lake mwenyewe. Kwa hiyo katika herufi ya 23 inasukumwa tena papo hapo, ikiichukua na ya kushoto, na dirisha linasoma BFX. Programu iliyotungwa na mtu aliyedhani kwamba rota huenda kama namba za kipimamaili cha gari, kila moja ikingoja mwenzake amalize mzunguko, itasoma AEX. Kuanzia hapo rota ya kushoto na ya katikati ziko mahali tofauti katika programu hizo mbili, na herufi zikilingana tena ni kwa bahati tu.

Basi usiniulize mimi ipi mbovu. Zipeleke zote hadi herufi ya 23 na utazame dirisha. Inayosoma BFX imeiiga mashine. Kwa sababu ya kurukaruka huku, rota tatu za aina hii hurudi zilikoanzia baada ya hatua 16,900, yaani 26 mara 25 mara 26, wala si 17,576 kama inavyoandikwa na wanaohesabu nafasi za rota na kusahau vidole.

Kuna kipimo kingine kinachotumiwa sana: rota I, II na III, kiakisi B, pete zote kwenye A, dirisha AAA, bila plagi, andika AAAAA. Jibu sahihi ni BDZGO. Ukihamisha pete zote tatu kwenye B, jibu ni EWTYX. Vipimo hivi vinathibitisha nyaya na pete, lakini havitawakamata waliosahau mruko wa rota ya katikati, kwa kuwa herufi tano hazifiki popote. Fanya vyote: BDZGO, EWTYX, na ADA yenu hadi herufi ya 23.

Swali lako la pili, kama simuleta ni sawa na mashine yenyewe, ndilo ninalolijali zaidi. Kwa upande wa herufi zinazoingia na zinazotoka, simuleta iliyotungwa vizuri ni sawa kabisa, bila tofauti ya hata herufi moja, kwa sababu Enigma ni kitu chenye mipaka: nyaya zake zinajulikana, mwendo wake unajulikana. Ujumbe wa kweli wa jeshi la Ujerumani ulioandikwa miaka ile unaweza kusimbuliwa leo kwenye simu ukiwa na matayarisho yake. Huo si mchezo. Lakini simuleta haina mkono uliochoka. Haina opereta aliyekesha kwenye baridi, anayetaka kumaliza zamu, na mashine hii haikushindwa kwa nyaya zake peke yake. Ilishindwa pia kwa mikono ya watu walioitumia.

Hesabu mwenyewe. Rota tatu zilizochaguliwa kati ya tano hupangika kwa namna 60. Nafasi za kuanzia ni 17,576. Plagi kumi kwenye ubao hutoa miungano 150,738,274,937,250. Ukizidisha unapata matayarisho 158,962,555,217,826,360,000. Hakuna aliyeyajaribu moja moja. Mwaka 1932 mwanahisabati Marian Rejewski wa Poland alizitambua nyaya za rota za jeshi kwa hisabati, akisaidiwa na nyaraka ambazo Wafaransa walizipata kwa Mjerumani aliyeuza siri, na kwa kosa la utaratibu: ufunguo wa kila ujumbe ulisimbwa mara mbili mfululizo mwanzoni mwa ujumbe. Mwezi Julai 1939, vita ikiwa mlangoni, Wapolandi waliwapa Waingereza na Wafaransa yote waliyoyajua.

Huko Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua misimbo, kijana aitwaye John Herivel alijiuliza opereta mvivu angefanya nini asubuhi. Akaona kwamba baada ya kuweka pete za siku hiyo, huenda asijisumbue kuzungusha rota mbali; angeanzia hapo hapo karibu na pete, na herufi za kuanzia, ambazo zilitumwa hewani wazi, zingeifichua pete yenyewe. Wazo hilo la mwanzoni mwa 1940 lilizaa matunda mwezi Mei mwaka huo huo. Mavis Lever, naye wa Bletchley, alitazama ujumbe mrefu wa Waitaliano akaona hauna L hata moja. Kwa kuwa herufi haiwezi kujigeukia, alitambua kwamba opereta alitumwa atoe ujumbe wa majaribio, naye akabonyeza L tangu mwanzo hadi mwisho. Na ripoti za hali ya hewa zilizoanza kwa maneno yale yale kila siku ndizo zilizolisha Bombe, mashine ya kutafuta matayarisho ya Enigma iliyobuniwa na Alan Turing na kuboreshwa na Gordon Welchman, ambayo ya kwanza ilifika Bletchley Machi 1940.

Kwa hiyo darasani usiishie kwenye kubonyeza. Wagawe wanafunzi makundi mawili. Kundi moja liwe maopereta, wapewe karatasi ya matayarisho ya wiki nzima na jumbe nyingi za kutuma kwa muda mfupi, wachague wenyewe herufi za kuanzia. Kundi la pili lipokee maandishi yaliyosimbwa na herufi za kuanzia tu. Kiswahili chetu kinafaa mno kwa zoezi hili. Wajerumani walitumia X mahali pa nukta, na sisi hatuna X katika maneno yetu, hivyo inaweza kutenganisha maneno bila kumchanganya mtu. Mwambie opereta aanze kila ujumbe na HABARIXZAXASUBUHI, halafu kundi la pili liyaburute maneno hayo juu ya maandishi yaliyosimbwa, na kila mahali ambapo herufi ya juu na ya chini ni moja, wapafute. Maneno hayo yana herufi 17; mahali pasipo sahihi, uwezekano wa kutogongana hata mara moja ni 25/26 kuzidishwa yenyewe mara 17, yaani karibu asilimia 51. Takriban nusu ya mahali pa uongo panafutika kwa penseli tu. Na nina hakika mtoto mmoja atachagua ADA, au jina lake mwenyewe, siku tatu mfululizo.

Kama kompyuta za shule ni chache, Enigma ya karatasi, yenye kanda zenye nyaya zilizochorwa na kuviringishwa kwenye kopo, inafundisha njia ya umeme vizuri kuliko programu yoyote. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepaswa kukumbuka ule mruko wa rota ya katikati, na atausahau. Vifaa vya kielektroniki vya kujiundia vipo na vinapendeza, ila kwa bei yake ningenunua kwanza kompyuta moja iliyotumika. Katika programu, pendelea ile inayoonyesha njia ya umeme herufi kwa herufi, na iwe inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa, kwani faili za kusakinisha kutoka mahali msipopajua zinaweza kubeba virusi.

Kuhusu Kilindini, mwenzako ameshika ukweli kwa mkono mmoja na kosa kwa mwingine. Ni kweli kwamba mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, kituo cha Waingereza cha kunasa na kufumbua ujumbe wa Mashariki ya Mbali kilihamia Mombasa, kikakaa katika majengo ya shule ya Allidina Visram hadi mwaka 1943. Wanafunzi wako wana haki ya kulijua hilo. Ila kazi ya pale ilikuwa misimbo ya Wajapani, si Enigma. Kule walivunja JN-40, msimbo wa meli za biashara, na walishiriki katika kazi ya JN-25 ya jeshi la majini. JN-25 haikuwa mashine bali kitabu: kila neno lilipewa namba ya tarakimu tano, namba hiyo ikajumlishwa na namba nyingine kutoka kitabu cha pili, bila kubeba. Kwa mfano, neno likiwa 48213 na nyongeza 75986, tarakimu kwa tarakimu unapata 13199. Namba za kitabu ziligawanyika kwa tatu ili mpokeaji agundue kosa la hewani. Jumlisha tarakimu za 48213 utapata 18. Ulinzi huo dhidi ya makosa ulimsaidia pia adui kujua amekisia sawa. Somo hili halihitaji kompyuta kabisa, na ndilo lililo karibu na mlango wenu.

Colossus nayo haikuifumbua Enigma. Ilitengenezwa na mhandisi Tommy Flowers na wenzake, ikaanza kazi Bletchley mapema 1944, ikiwa na valvu za kielektroniki 1,600 hivi, aina ya zile zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Ilisoma kanda ya karatasi kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde, kwa ajili ya mashine nyingine kabisa, Lorenz, iliyotumiwa na makao makuu ya Ujerumani. Haikuwa na programu iliyohifadhiwa ndani yake. Iliwekwa tayari kwa swichi na plagi. Wanafunzi wakitaka kuona mwanzo wa kompyuta tunayoijua, watafute simuleta ya Baby, kompyuta ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu ya Tom Kilburn yenye amri 17, iliyotafuta kigawanyo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, ukiacha namba hiyo yenyewe, na ikachukua dakika 52. Ilikuwa na nafasi 32 tu za kumbukumbu, na haikujua kujumlisha, ilijua kutoa. Wape watoto kazi ya kujumlisha 5 na 7 kwa kutoa peke yake. Watahadharishe tu kwamba namba zake za mfumo wa mbili huandikwa kinyumenyume, tarakimu ndogo ikiwa kushoto, la sivyo watadhani simuleta imeharibika. Na kama ina chaguo la kwenda kwa kasi ya zamani, iwashe angalau mara moja, wasubiri.

Sasa alama za mitihani. Hapa naomba unisikilize vizuri, mwalimu: hapana. Usizifiche kwa Enigma, hata na plagi zote kumi. Kompyuta ya kawaida leo inaweza kufumbua ujumbe wa Enigma wa herufi mia kadhaa kwa takwimu za lugha tu, bila kujua neno lolote lililomo, na orodha ya alama yenye majina ya wanafunzi na masomo ni maneno ya kukisia kutoka juu hadi chini. Tena Enigma haimwambii mpokeaji kama kuna mtu aliyeibadilisha herufi njiani. Kwa faili ya kutuma, tumieni usimbaji fiche wa kisasa wa AES uliomo tayari katika programu za ofisi na za kubana faili, nywila ndefu, na nywila hiyo isafiri kwa njia nyingine, kwa simu au ana kwa ana.

Hilo ni la kuanzia. Alama ni data binafsi za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaigusa shule moja kwa moja, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu amwite mtaalamu wa usalama wa mifumo aje shuleni, akae na anayeshughulikia mitihani, aone faili zinapokaa, nani anazifungua na nakala zinabaki wapi. Mimi siwezi kuyaona hayo kutoka hapa, na mara nyingi tundu huwa kwenye kompyuta ya ofisini iliyoachwa wazi kuliko kwenye barua pepe. Ikiwa barua pepe za alama zimeshatumwa bila ulinzi miezi iliyopita, mwonyesheni hizo kwanza kabla ya kubadilisha au kufuta chochote.